Naomba ushauri: La Dive Bouteille kule Saumur, inafaa kwenda?

MuuzaMvinyo_Dar
Wakuu, salaam. Nina duka dogo la mvinyo hapa Dar, nauzia zaidi migahawa. Wateja wameanza kuulizia mvinyo wa asili, yaani ule unaotengenezwa bila kuongezewa vitu, au kidogo tu, na mimi naujua kwa kusoma tu. Nimesikia kuna onyesho linaitwa La Dive Bouteille, Saumur, bonde la mto Loire, Ufaransa, kila mwaka kwenye mwanzo wa Februari au kabla kidogo. Nauli si ya kuchezea, ndiyo maana nauliza. Mtu kama mimi ataruhusiwa kuingia? Nijiandae vipi? Na mvinyo wenyewe utavumilia joto letu?

MbebaBoksi_Nantes
Karibu mkuu. Nafanya kazi mgahawani huku, bosi hunichukua twende wote. Usitegemee muziki na nyama choma. La Dive ni ya watu wa biashara: wenye maduka, migahawa, waagizaji. Jiandikishe mapema kwa jina la duka. Karatasi za biashara zitakufaa hata kwenye viza, ambayo siku hizi ni yuro 90, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla, kwa hiyo usingoje Januari.

Halafu baridi. Shughuli yote iko kwenye mapango ya Ackerman, nyumba ya mvinyo wa povu iliyoanza mwaka 1811. Humo watu walikuwa wakichimba mawe meupe ya kujengea. Ni ubaridi wa kudumu, unakupanda kuanzia kwenye soli. Vaa viatu vizito na nguo nyeusi, maana watu wanatema ovyo.

Na wewe TEMA. Wazalishaji ni mamia, wengi wamesimama wenyewe mezani, kila mmoja anakumiminia chupa nne, tano. Ukimeza, saa sita mchana umekwisha, na biashara hujafanya. Hakuna anayekushangaa ukitema, anayeshangaza ni anayemeza.

Bia_Ya_Baridi
Yaani ulipe nauli ya ndege ukateme? 😂 Nilionja huo mvinyo wa asili mara moja, unanuka zizi la mbuzi. TBS, wale wa viwango, wakiona yale mashapo chini ya chupa utajieleza mpaka jioni.

Mzabibu_Hombolo
Bia, mashapo si uchafu, ni mvinyo usiochujwa. Harufu ya zizi ipo kweli, na mara nyingi ni kasoro. Wapo wanaoiita tabia ya shamba, mimi siwaamini.

Mleta uzi, sheria za Ulaya zinaruhusu hadi miligramu 150 za salfaiti, dawa ya kuhifadhi mvinyo, kwa lita kwenye mwekundu mkavu (usio na utamu), 200 kwenye mweupe. Wafaransa tangu 2020 wana nembo ya Vin Méthode Nature: zabibu za kilimo hai, zivunwe kwa mkono, hamira iwe ileile iliyokuja na zabibu, salfaiti isizidi 30. Sasa mvinyo wenye kinga ndogo hivyo ukiupitisha bandarini kwenye jua unaweza kuchachuka upya ndani ya chupa. Hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Na usikose meza za Chenin, ile zabibu nyeupe. Sisi Dodoma tunailima hiyohiyo, lakini kwao ndiko asili yake. Onja ya Savennières, huko huko Loire, mkavu wenye ukali wa limau, uone zabibu yetu inaweza kufika wapi. Mimi ningeenda kwa hilo tu.

MuuzaMvinyo_Dar
Asanteni sana. Mzabibu, niwaulize nini hasa? Na Nantes, nilale wapi?

Mzabibu_Hombolo
Uliza umebaki na sukari kiasi gani, umetiwa salfaiti wakati wa kujaza chupa au la, na kama wameshauza nchi ya joto. Anayejibu kwa kuzunguka, mshukuru upite. Anza na mvinyo mkavu kabisa, hauna sukari ya kuchachuka. Ile ya povu ya pet-nat, inayomalizia kuchachuka ndani ya chupa, iache kwa sasa. Na bila kontena la friji, usiagize.

MbebaBoksi_Nantes
Lala Angers, mji mkubwa wa jirani. Saumur ni mji mdogo, vyumba vinaisha. Toka Paris Montparnasse treni ya kasi ni kama saa moja na nusu, halafu ya kawaida mpaka Saumur. Wiki hiyohiyo Angers kuna maonyesho mengine ya mvinyo, kwa hiyo nauli yako itazaa. Gari usikodi. Kiwango cha pombe kwa dereva huku ni gramu 0.5 tu kwa lita ya damu, na polisi wanajua kabisa wiki hiyo kuna nini.

Bia_Ya_Baridi
Ukirudi na ule usionuka, niwekee chupa moja. Nitalipa.