Naomba ushauri: chekeamwezi wa Mida Creek wananichanganya

Jamani wapenzi wa ndege habari zenu, kaskazi ndo hiyo imeshika na kule Ulaya na Asia baridi imewafukuza ndege, Mida Creek, hori la bahari hapa Watamu, pwani ya Kenya, maji yakipwa tu matope yanajaa wageni mpaka raha! Juzi nimewaona wale weupe na weusi wanaokula kaa, wanaotaga kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Ghuba na Oman, aisee ni wazuri sijui niseme nini.

Sasa shida yangu ni wale chekeamwezi wadogo wa kijivu wa kutoka Asia, kuna mkubwa na mdogo, wakisimama pamoja sawa, mkubwa ana mdomo mrefu na miguu mirefu, lakini akiwa peke yake mbali kule mnamjuaje? Rangi ya miguu inasaidia au tope linadanganya? Maana ile rangi nyekundu ya kifuani wakiianza tu, mwezi wa nne hivi, washaondoka.

Halafu darubini yangu ni 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya milimita 42), nijichange ninunue teleskopu ya kusimamisha ama nisubiri tu maji yakijaa yawasogeze karibu? Picha zenu pia tumeni, hata za wale ndege sululu.