Mtoto wa dada kaniambia jambo zito, familia inataka kikao kwanza. Naombeni ushauri

Wakuu, binti wa dada yangu ana miaka 8, yuko kwangu likizo. Jana usiku kaniambia, "Baba mdogo huwa ananishika nisikotaka." Mara ya mwisho ni juzi. Ni mdogo wake shemeji, anaishi nao. Dada nimemwambia, analia tu. Wazee wanataka jamaa aulizwe mbele ya mtoto. Nimhoji zaidi nipate uhakika?

Muuguzi wa Zamu: Pole dada. Usimhoji, alichosema kinatosha kuanzia. Ukimuuliza "alikushika hapa, eeh?" unamtilia maneno mdomoni, na kesini yatatumika kumkanusha. Andika maneno yake vilevile alivyoyatamka. Hospitali ni leo, kikao kisubiri. Kama kuna hatari ya VVU, dawa ya kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Daktari ataamua kama anaihitaji. Nguo za juzi kama hazijafuliwa, ziachwe hivyo, zitiwe mfuko wa karatasi. Nailoni hufungia unyevu, ushahidi ukaharibika. Na daktari asipoona alama, asitokee wa kusema mtoto kadanganya. Wengi waliotendewa hawakutwi na alama yoyote.

Mzee wa Kijiwe: Mimi naona kikao kiwepo. Mtu anaweza kuonewa bure.

Asiyenyamaza: Shikamoo mzee. Kuonewa kunazuiwa na uchunguzi wa wanaoijua kazi hiyo. Mtoto ukimkalisha mbele ya mtu anayemwogopa, atakana, halafu mtasema "si mmeona?" Mimi nilikanushwa hivyohivyo sebuleni, sikulitaja tena mpaka utu uzima. Dada, mwambie unamwamini na kosa si lake. Usimuahidi siri.

Muuliza: Kweli kaniomba nisimwambie mama yake. Nimjibu nini?

Asiyenyamaza: Kwamba mama ameshajua, hajamkasirikia, na mtawaambia wale tu wanaoweza kumlinda. Usimfiche, akigundua mwenyewe atafunga mdomo.

Muuliza: Tuko hospitali na dada. Wametuandikia barua ya polisi. Likizo ikiisha arudi kwao?

Muuguzi wa Zamu: Jamaa akiwa bado yumo, hapana. Msimpigie simu kumtisha, atakimbia au atamfuata mtoto. Waambieni polisi na ustawi wa jamii anapolala, na kama kuna watoto wengine nyumba hiyo watajeni pia.