Kidonge cha kila siku au dripu ya miezi sita: ipi itaziacha chanjo zangu zifanye kazi?

BintLangoni
Asalaam aleikum jamani. Nina MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili huzishambulia neva. Daktari wa neva kule Mombasa alithibitisha miezi minne iliyopita, baada ya jicho la kushoto kufifia na kisha mguu kufa ganzi. Kanipa njia mbili nichague, nimpe jibu nikirudi kwake (na kurudi kwake ni boti kutoka Amu (Lamu) hadi Mokowe, halafu siku nzima ndani ya basi). Ya kwanza ni fingolimodi, kidonge kimoja kila siku. Ya pili ni rituksimabu, dripu kila miezi sita. Zote zinaibana kinga ya mwili, hilo nimelielewa. Linalonitatiza ni chanjo. Mimi na mamangu tumenuia umra mwezi wa Rajabu inshallah, na wakala ameshasema chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni lazima, na kwa kuwa tunatoka Kenya, kadi ya homa ya manjano pia. Nikianza dawa kisha nichanjwe, chanjo itashika?

Kaskazi_Malindi
Waleikum salaam dada. Niko Malindi, fingolimodi mwaka wa sita. Kidonge chenyewe hakina taabu. Siku ya kwanza tu walinikalisha saa 6 nzima wakipima mapigo ya moyo, maana huweza kuyapunguza. Baada ya hapo unameza na chai yako, basi. Kwenye chanjo lakini sitakudanganya. 2021 nilichanjwa korona mara mbili, jamaa yangu wa maabara akanipima kingamwili, zile silaha za mwili zinazotokana na chanjo: hakuna kitu. Nikamwambia mashine yako mbovu. Akampima mke wangu kwa mashine hiyo hiyo, zimejaa tele.

Nesi_Mstaafu
Mashine haikuwa na kosa, Kaskazi. Mwaka huo huo madaktari wa Israeli walichapisha matokeo ya wagonjwa wa MS waliopata chanjo ya Pfizer. Kati ya 26 waliokuwa kwenye fingolimodi, mmoja tu alitoa kingamwili za kutosha. Kwenye okrelizumabu, ambayo ni nduguye rituksimabu, walikuwa 10 kati ya 44. Wa kladribini, dawa nyingine ya MS, walitoa wote.

BintLangoni, usiziangalie hesabu hizo ukaona zote mbili ni hasara sawa. Fingolimodi huzifungia chembe za kinga ndani ya tezi zisitoke kwenye damu, seli B na seli T pamoja, na kwa vile unaimeza kila siku, mlango haufunguki. Ukiiacha ghafla ili uchanjwe, MS huweza kurudi kwa kishindo kuliko mwanzo. Rituksimabu inaziondoa seli B, ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, lakini sehemu kubwa ya seli T, askari wengine wa kinga, hubaki. Kwenye chanjo za korona walionekana wagonjwa wa dawa za namna hii wasio na kingamwili kabisa, ilhali seli T zao zimeitikia vizuri. Si ngao kamili, ila ni afadhali kuliko mikono mitupu. Na kadiri dripu inavyozeeka, seli B nazo hurudi polepole.

Mpwa_wa_Pate
Kwani lazima? Mimi nilisikia chanjo ndizo zinazoamsha MS. Aache zote, asome dua.

Nesi_Mstaafu
Dua asome, na chanjo achanjwe. Chanjo zisizo hai, kama ya homa ya uti wa mgongo, pepopunda na mafua, hazijaonekana kuleta shambulio jipya. Kinachowatisha watu ni ile homa ya siku moja mbili. Mwili ukipata joto, ganzi ya zamani hurudi, kisha huondoka joto likishuka. Mgonjwa wa MS wa Amu anaijua hali hiyo hata bila chanjo, atembee barabarani saa saba mchana wakati wa kaskazi uone.

Homa ya manjano ni jambo jingine. Hiyo ni chanjo hai, yaani yenye kirusi hai kilichodhoofishwa. Ukiwa ndani ya fingolimodi au rituksimabu, haiguswi. Na hata kwa asiyetumia dawa kuna utafiti mdogo wa Argentina, 2011, wagonjwa 7 tu, mashambulio yaliongezeka baada ya kuchanjwa. Ni wachache mno kukata shauri, lakini daktari wako aulizwe.

Shela_Upepo
Mimi rituksimabu mwaka wa tatu. Mwanzoni mume wangu aligoma, hiyo si dawa ya saratani? Nikamwonyesha kwamba Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS mwaka 2023, akanyamaza. Kabla ya dripu ya kwanza walinipima homa ya ini aina B, maana dawa huweza kuiamsha ikiwa imelala mwilini. Chanjo ya nimonia nikapata mapema. Sasa chanjo nazipanga kama msafiri anavyongoja maji yajae: siendi mara tu baada ya dripu, nangoja mwezi wa tano tangu dripu, wiki nne kama tano kabla ya dripu nyingine.

Kaskazi_Malindi
Na zile sindano za MS za interferoni? Nasikia hazigusi chanjo kabisa.

Nesi_Mstaafu
Kweli, interferoni na glatirama, sindano nyingine ya MS, huziacha chanjo zifanye kazi karibu kama kawaida. Lakini nguvu yao kwa MS ni ndogo, na interferoni nyingi zinataka friji, na umeme wetu mnaujua. Mtu ambaye ugonjwa umemgonga jicho na mguu mfululizo, sidhani daktari alizisahau kwa bahati mbaya. Usichague dawa kwa ajili ya chanjo, mwanangu. Chagua inayoushika ugonjwa, halafu chanjo zitangulie: zisizo hai angalau wiki 2 kabla ya dripu, hai wiki 4. Ukielekea fingolimodi, pimwa kwanza kama una kinga ya tetekuwanga. Na kama una mpango wa kuzaa karibuni, mwambie daktari sasa, kidonge hicho hakitakiwi wakati wa mimba.

Homa ya manjano ikishindikana, daktari huandika barua ya kukusamehe, kwa Kiingereza au Kifaransa, sababu iwe wazi. Wenyeji huko ndio wataipima.

Mzee_Mkomani
Bintiye mtu, kabla ya barua: hukusafiri zamani? Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, hata iliyoandikwa miaka kumi. Fukua masanduku.

BintLangoni
Ami, Mungu akuweke. Nimeikuta kwenye sanduku la mama, chini ya kanga. 2012, tulikwenda Unguja kwa harusi ya binamu. Basi nachanjwa ya uti wa mgongo wiki ijayo, nangoja wiki mbili, kisha rituksimabu, daktari akikubali. Ila kadini jina langu limeandikwa kwa "e", na pasipoti ina "i". Itakuwa taabu?

Mzee_Mkomani
Itakuwa. Ukishuka Mombasa pita ofisi ya afya ya bandari na pasipoti yako, uwaulize watakurekebishia vipi. Nenda asubuhi.