Taa moja ya mezani na ya mwaloni, inawezekana au najidanganya?

fundi_pasiansi

Mwangaluka wakuu. Naomba mawazo kabla sijachoma hela kwa mara ya tatu.

Mi ni fundi simu, nafanyia kazi nyumbani Pasiansi hapa Mwanza, chumba kimoja nimekigeuza ofisi. Meza iko ukutani na balbu ya chumba iko nyuma yangu kwa hiyo nikiinama tu kichwa changu kinatupa kivuli juu ya bodi ya simu. Mchana nafungua dirisha maisha yanaenda, ila wateja wengi wanaleta simu jioni na wanaitaka asubuhi, na umeme ukiamua kukatika saa mbili usiku unabaki na simu ya mtu imefumuliwa, skrubu kumi na tatu mezani hujui ipi ilitoka wapi.

Upande wa pili wife anauza dagaa. Kipindi cha giza (usiku usio na mbalamwezi, ndo dagaa wanavuliwa) tunaamka saa tisa usiku kwenda mwaloni Igombe, pale ufukweni mitumbwi inapotua, kuisubiri, tunanunua, tunapima, tunabeba, tunaanika, na kote huko unahitaji mwanga na mikono yote miwili ina kazi.

Taa ya kwanza ilikuwa ile kubwa nzito ya kushika mkononi, ilikuwa inawaka kama gari. Tukaitumia giza moja, mbalamwezi ilipoanza tukaiweka juu ya kabati, wiki mbili na kitu baadaye naichaji haikubali, inawaka dakika tano inalegea. Ya pili tochi ya boksi jeusi imeandikwa lumeni 10,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Mezani inapiga duara kali katikati macho yanauma, pembeni giza totoro, na siku mvua ilipotukuta mwaloni maji yakaingia kwenye tundu la chaji ndo ukawa mwisho wake.

Bajeti elfu 50, nikijikamua sana 60. Nataka taa MOJA, mezani ifanye kazi na nje iende. Ipo?

kijana_mabatini

Fundi simu unalia giza na una simu za wateja kumi hapo mezani zote zina tochi 😂😂

fundi_pasiansi

Haya, nimulikie na simu ya mtu betri iishe, akija kuichukua nimwambie nini

mzee_wa_betri

Kijana wangu fundi, tuanze na hizo mbili zilizokufa manake ukielewa kwa nini zimekufa nusu ya jibu umeshapata.

Hiyo nzito, uzito wake ni betri ya risasi na asidi, ndugu ya betri ya gari. Betri ya aina hiyo haipendi kukaa imeisha. Ukiiacha tupu ndani yake zile sahani zinajenga ukoko ambao chaji haiutoi tena, na wewe uliiweka kabatini kipindi kizima cha mbalamwezi bila shaka ikiwa imeisha. Ukiwa nayo tena ichaji ijae kwanza ndo uiweke, na kila baada ya muda uichaji hata kama huitumii. Za lithiamu ziko tofauti kidogo, zenyewe ukizihifadhi ziwe kwenye nusu hivi, zisiwe tupu wala zisijae kabisa, na zisikae juani.

Hiyo ya lumeni 10,000 ni uongo wa boksi. Piga hesabu. LED nzuri za kawaida wati moja inakupa kama lumeni 100. Kwa hiyo lumeni 10,000 inataka wati kama 100. Humo ndani kuna betri moja ya lithiamu, tuseme 2000 mAh (hiyo namba ni kiasi cha chaji betri inachobeba), zidisha kwa volti 3.7 unapata wati-saa 7.4. Gawa kwa wati 100, taa ingeisha ndani ya dakika nne na kidogo na ingekuunguza mkono kabla ya hapo. Na ukikuta betri moja ile ya saizi ya kidole gumba imeandikwa 9900 mAh rudisha dukani, za kweli za saizi ile zinaishia 3500 hivi.

Sasa swali lako. Taa moja HAIPO, usiitafute. Meza inataka mwanga uliosambaa, ulio karibu, usiochezacheza. Mwaloni unataka mwanga unaofuata macho yako na usioogopa maji. Kinachoweza kuwa kimoja ni BETRI. Nunua pawabanki moja ya maana, halafu taa mbili za bei nafuu. Pawabanki ya 20,000 mAh kama ni ya kweli ina wati-saa 74, toa zinazopotea njiani ikusaidie kama 60. Taa ya mezani ya USB ya wati 5 inawaka saa 12 hapo. Umeme ukatike usikatike wewe hujui.

Kuijua ya kweli, shika uzito. Betri moja ya ndani ina gramu kama 45 na za 2500 mAh zinatakiwa nane kufika 20,000, hapo ni gramu 360 bila boksi. Ukiinua ikawa nyepesi kama ya kuchezea watoto achana nayo. Ila uzito peke yake usikudanganye, mi nimeshafungua moja nikakuta mchanga umepakiwa vizuri kabisa kwenye mfuko.

Taa ya meza chukua nyeupe kabisa, ile ya 6500.

cherehani_igoma

Mzee shikamoo, nakubali yote ila hapo kwenye 6500 nakataa.

Mi nashona, nimekaa miaka chini ya hizo nyeupe zenye ubluu, saa nne usiku kichwa kinagonga. Nilipobadilisha nikaweka ya 4000 (imeandikwa 4000K kwenye boksi, namba ikishuka mwanga unakuwa wa njano, ikipanda unaenda kwenye ubluu) nashona mpaka saa sita bila shida. Halafu cha muhimu kuliko hiyo namba ni CRI, hicho kipimo mwisho wake ni 100 na kinasema rangi zinaonekana kwa ukweli kiasi gani. Taa ya CRI ya chini uzi mweusi na uzi wa bluu ya giza vinakuwa kitu kimoja, niliwahi kumaliza suti ya mtu nikaiona vizuri asubuhi kwenye jua, nikakaa chini. Fundi simu naye ana nyaya za rangi rangi. Chukua 80 kwenda juu, ukipata 90 ndo raha.

Na kaka, kivuli chako dawa yake sio taa kali zaidi, ni kuihamisha. Kama unatumia mkono wa kulia taa ikae kushoto kwako, mbele kidogo, shingo ipinde ije karibu. Ukiisogeza kutoka mita moja hadi nusu mita mwanga unaofika mezani unakuwa kama mara nne, betri ile ile, wati zile zile.

Kupima kama inacheza: washa, weka kwenye mwanga mdogo, ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea kwenye skrini hiyo inawaka na kuzima haraka haraka, jicho halioni ila kichwa kitajua. Nyingi za bei rahisi ukizipunguza mwanga ndo zinaanza mchezo huo.

mzee_wa_betri

Marahaba mama. Macho yangu ya zamani yanapenda nyeupe lakini siwezi kubishana na mtu wa sindano.

Mama_wa_mwalo

Nimewasoma wote mnaongelea meza tu, mwaloni nani anaenda?

Mdogo wangu fundi sikiliza. Kule nunua ya kuvaa kichwani, mikono yako inabaki kwenye ndoo. Kitu cha kwanza angalia kifuniko cha mpira kwenye tundu la chaji, kama hakibani au kinaning'inia kama ulimi wa mbuzi usinunue. Kwenye boksi kuna herufi IP na namba. IPX4 inavumilia maji ya kurukia na mvua ya kawaida. IP67 unaweza kuidondosha kwenye maji ya mita moja ikakaa nusu saa na ukaiokota inawaka. Mi yangu ni X4, haijafa, ila sipandi nayo mtumbwini bila kamba. Kamba funga, ukiwa na kipande cha povu la soli ya ndala kifunge kwenye kamba pia, ikidondoka utaiona. Ziwa halirudishi kitu.

Cha pili RANGI. Taa nyeupe kali pale ufukweni unaita wadudu wote wa ziwa. Wale wadogo wanaokuja kama moshi, ukifungua mdomo umekula, wanajaa machoni, wanajaa kwenye dagaa, mteja akiona anashusha bei. Tafuta yenye kitufe cha mwanga wa njano, ya njano hawaifuati sana. Ama fanya ninavyofanya mimi, taa nyeupe moja naining'iniza mbali hatua kama kumi na tano wadudu waende huko wakacheze, mimi ninapopimia sado nawasha ya njano yenye mwanga mdogo.

Cha tatu adabu. Ukiwa umevaa taa kichwani usimuangalie mtu usoni, hasa aliye kwenye mashine mtumbwi unapoingia. Macho yakishazoea giza ukiyamulika yanachukua hata nusu saa kurudi sawa, na yeye anatafuta mawe ya ufukweni. Nimeona mtumbwi ukipanda jiwe kwa sababu ya mnunuzi mwenye haraka. Inamisha shingo, ukiweza weka ile taa nyekundu.

Zamani wavuvi walikuwa na karabai, sauti ile ya shhhh unaisikia toka mbali na harufu ya mafuta ya taa inabaki kwenye nguo. Siku hizi wengi wana LED zinazoelea, wanachaji kwa sola, ukiangalia ziwani usiku wa giza unasema kuna mji mwingine kule. Wana mafundi wao hao, waulize, wanajua betri kuliko wauza duka.

kijana_mabatini

Serious sasa. Kuna zile balbu za kuchaji, unaifunga kwenye holda ya kawaida, umeme ukikatika inaendelea kuwaka yenyewe, ukitaka kutoka unaifungua unaondoka nayo. Si ndo taa moja anayoitafuta?

mzee_wa_betri

Kwa chumbani ni nzuri, hata mimi ninayo chooni. Ila tatu: betri yake ndogo, umeme ukirefuka inafifia, inakaa darini kwa hiyo kivuli cha fundi kiko pale pale, na haina kinga ya maji hata kidogo, uende nayo mwaloni mara moja tu.

cherehani_igoma

Pia wakati wa kununua waambie waiwashe na uishike mkononi, zingine zinawaka ukigusa tu vile vitako viwili kwa vidole, mtoto wangu alidhani ni uchawi 😅

kijana_mabatini

Haya basi mbinu ya bure. Dumu jeupe la lita 5 jaza maji, ile taa ya kichwani ivalishe dumu, mwanga uangalie ndani. Dumu zima linawaka kama taa ya sebuleni, halichomi macho. Tulikuwa tunasomea hivyo hosteli.

Mama_wa_mwalo

Huyu leo kaongea la maana.

fundi_pasiansi

Wabeja sana wakuu, shikamooni wakubwa. Narudi na ripoti.

Jumamosi nilishuka mjini, nikazunguka Makoroboi (jina lenyewe linakumbusha vibatari vya makopo, na mimi natafuta taa, nikacheka mwenyewe). Pawabanki nimepata elfu 32 baada ya kugombana, ina gramu 390 kwenye mizani ya muuza karanga wa jirani, yule muuzaji aliniangalia kama mwendawazimu. Nyumbani nikaijaza nikaiachia taa ya wati 5 iwake mpaka ikate, ilienda saa kumi na dakika arobaini. Mzee haikufika 12 ila sio mchanga.

Ya meza nilijaribu nne dukani na kamera, tatu zilikuwa na mistari. Ya nne ina rangi tatu za kubadilisha, shingo ya kupinda, elfu 14, CRI haijaandikwa popote kwa hiyo nilienda na kipande cha waya wa rangi nikaangalia kwa macho, nyekundu na chungwa zinatofautiana vizuri. Nimeifunga kushoto. Ile shida ya kivuli sikuamini imeisha kirahisi hivyo.

Kitu kimoja hamkuniambia, pawabanki ukiiwekea taa inayokula umeme kidogo sana inadhani hakuna kitu kimechomekwa, inajizima. Nilipopunguza mwanga kabisa usiku ikawa inakata baada ya kama nusu dakika. Nikiongeza kidogo inakaa.

Ya kichwani nilipata ya IPX4 yenye njano na nyekundu, elfu 18, nimepita bajeti kidogo msimwambie mtu. Kamba nimefunga, soli ya ndala pia. Tatizo sasa sina nayo, mama mkwe alikuja kututembelea akaivaa kwenda kuangalia kuku usiku, kaondoka nayo Sengerema.

mzee_wa_betri

Hilo la kujizima kweli nilisahau. Chomeka na simu pembeni ichaji pamoja, haitakata.

Mama_wa_mwalo

Ya mkweo isamehe. Saa hizi mbalamwezi ni kubwa dagaa hakuna, una kama wiki ya kutafuta nyingine. Giza likirudi nitakuona Igombe, mi niko upande wa chanja, mwenye taa ya njano.