Wifi yangu ajifungulie wapi?

Mama Baraka, Kibera:
Wifi yangu ana mimba ya miezi minane. Mkunga wa jadi aliyemkanda tumbo anasema mtoto amekaa vyema na kwamba anaweza kumzalishia nyumbani. Nishaurini.

Muuguzi mkunga, Kawangware:
Dada, mheshimuni mama huyo, lakini wifi yako asijifungulie nyumbani. Ninachohofia hasa ni damu, kwa sababu mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili, ilhali sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo inayopaswa kuhifadhiwa kwenye jokofu, haimo mkobani mwa mkunga wa jadi. Je, amehudhuria kliniki? Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mara nane.

Mama Baraka:
Mara mbili tu. Alifokewa, akakataa kurudi.

Mhamasishaji wa afya ya jamii, Mathare:
Pole sana, kufokewa huko huwafukuza wengi. Huku kwetu mkunga wa jadi huwasindikiza wajawazito. Juzi nilimwona mmoja amebeba leso mbili na kijitabu cha kliniki, akimpapasa mgongo mama mwenye uchungu hadi mlangoni pa wodi. Mwombeni wenu aandamane naye, na mwenye gari la kumfikisha usiku mwafikiane naye leo.