Daimler ya slivu au Silver Ghost: ungechukua ipi mwaka 1910?

Mzee wa Tapeti: Wakuu, tuzungumzie magari ya matajiri wa Uingereza kabla ya Vita ya Kwanza. Silver Ghost ya Rolls-Royce ina silinda 6, zaidi ya lita 7, vali za pembeni za kawaida, yaani vifuniko vinavyofunguka na kufunga njia za hewa na moshi. Daimler, gari la jumba la kifalme, tangu 1909 iliuza injini ya Charles Yale Knight, Mmarekani aliyekuwa mchapishaji wa jarida la mazao ya maziwa huko Chicago. Aliudhika na kelele za vali, akaziondoa kabisa. Kila silinda ina slivu mbili, yaani mabomba ya chuma, moja ndani ya nyingine, na pistoni inacheza humo. Slivu zinapanda na kushuka. Matundu yaliyotobolewa kwenye slivu yakikutana na ya silinda, petroli na hewa vinaingia au moshi unatoka. Hakuna tapeti, kile chuma kinachosukuma vali, ya kugonga. Mimi na Daimler.

Mwanagereji: Silver Ghost, sina mjadala. Mwaka 1907 ilitembea zaidi ya maili 14,000 bila hitilafu ya kuisimamisha. Hiyo ya slivu inakula oili, nyuma ni moshi wa bluu tu.

Dada Krenki: Moshi ni kweli, kaka, maana slivu zinalainishwa ndani na nje. Lakini chuma cha vali enzi zile kilikuwa duni: kinaungua, masizi yanajaa, fundi anafungua injini kusaga vali kila mara. Kwenye slivu masizi yalisaidia hata kuziba. Halafu jaribio la mwaka 1909: injini mbili za Daimler zilipigishwa kazi saa 132 kwenye benchi ya majaribio, zikafungwa kwenye magari, kila moja ikaenda karibu maili 2,000 kule Brooklands, uwanja wa mbio za magari Uingereza. Zilipofunguliwa hazikuwa zimelika. Daimler wakapewa tuzo ya Dewar, ya klabu ya magari ya Uingereza.

Mzee wa Tapeti: Asante dada. Na Minerva, Panhard na Mercedes wote walichukua leseni ya Knight.

Mwanagereji: Leseni yenyewe ni gharama, mkuu. Vyuma bora vilipopatikana, injini za vali zikaanza kuzunguka kasi ambayo slivu nzito haiwezi. Daimler wenyewe waliziacha miaka ya 1930.

Dada Krenki: Hapo nakubali, ila tunaulizwa 1910. Mwenye gari lile hakujali bei ya oili, alitaka utulivu. Wa kuhurumiwa ni dereva wake: asubuhi ya baridi oili nzito imekamata slivu, na injini inawashwa kwa hendeli.