Kulala shambani na watoto na bibi yao mwezi wa 6: Lushoto, Marangu au Tukuyu?

Mama Wawili
Habari zenu wapendwa. Shule zikifungwa mwezi wa 6 nataka kuwatoa wanangu Dar, mmoja ana miaka 9 mwingine 6, tukakae shambani siku nne tu, na sitafuti hoteli, nataka shamba kweli, ng'ombe wapo, kuku wapo, mwenyeji akipika na sisi tunakula hichohicho. Naenda na mama yangu, ana miaka 68 na goti linamsumbua. Bajeti ni 100,000 kwa usiku vyumba viwili, chakula mbali. Mwaka jana tulienda sehemu moja karibu na Dar wamejitangaza ni shamba, kufika kuna mbuzi mmoja kafungwa kwenye mwembe na spika inapiga muziki mpaka saa nane usiku, mama hakulala kabisa, niliumia sana. Nimebakiza Lushoto, Marangu na Tukuyu, mliokwenda naombeni mnisaidie kulinganisha.

Msambaa wa Soni
Karibu Lushoto dada. Kwa siku nne kwetu ndo karibu kuliko kote huko, kuna basi za moja kwa moja kutoka Mbezi, au unashuka Mombo unapanda gari ndogo, ni kilomita 33 za lami ila kona tupu mpaka juu. Nyumba za kulaza wageni mashambani zipo, karoti, kabichi na viazi viko hapohapo nje ya dirisha. Shamba la Irente wanatengeneza jibini, mkate na jemu wenyewe, na pale ukingoni ukisimama unaona tambarare yote chini, bibi anafika kwa gari bila kupanda mlima. Nikuambie tu ukweli, kama watoto wanataka kuchuma plamsi mwezi wa 6 hawatazikuta, hizo ni za mwisho wa mwaka. Na baridi ya Juni kule sio ya kuchezea, beba masweta na soksi.

Mtoto wa Kihamba
Shikamoo yake mama. Mimi nasema Marangu, afu sio kwa sababu ni kwetu. Watoto wakitaka kuona ng'ombe anavyofugwa waende kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, maana pale kila kitu kiko pamoja, migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe bandani nyuma ya nyumba anakatiwa majani analetewa, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Mwaka juzi nilipeleka watoto wa dada yangu, saa kumi na mbili asubuhi mama mwenye nyumba kaja na maji ya vuguvugu kaosha kiwele, kaacha ndama anyonye kidogo kwanza, kapaka mafuta kwenye chuchu, afu kamshika yule mdogo mkono akamwonesha usivute, bana kuanzia juu ushuke. Mara ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna, ya tatu maziwa yakalia kwenye ndoo chwii, yule mtoto mpaka leo anasimulia. Mchana mtori, jioni ndizi na nyama. Ila maporomoko ya Kinukamori yana ngazi, bibi abaki nyumbani.

Mwana Rungwe
Naipenda Tukuyu kuliko chochote, chai mlima mzima, ndizi, maziwa, Daraja la Mungu pale Kiwira, Ziwa Ngozi. Lakini kwa siku nne na mtu wa goti siwezi kukudanganya, Dar mpaka Mbeya peke yake ni zaidi ya kilomita 800, bado hujaanza kushuka Tukuyu, siku mbili zitaishia kwenye basi. Na Ngozi ni kupanda kwa miguu msituni. Njooni mkiwa na wiki mbili, kwa sasa waachie Lushoto na Marangu washindane.

Baba Neema
Nilimpeleka mama yangu Lushoto, na kilichotusumbua ni choo na maji ya moto, mambo ambayo sikuuliza. Choo kilikuwa nje, njia ya mteremko, usiku umande, nikawa namshika mkono kila akitoka. Maji ya moto wakasema yapo ya sola, sasa kule kuna siku ukungu hautoki mpaka saa sita mchana, hiyo sola itapata moto saa ngapi? Siku ya pili mwenyeji kwa wema wake akawa anachemsha kwa kuni ndo tukaoga. Kwa hiyo usilipe kabla hujaomba video, amwambie mtu atembee na simu kutoka gari linapoishia mpaka kitandani, afu kutoka kitandani mpaka chooni. Picha za maua zisikushawishi.

Mama Wawili
Baba Neema Mungu akubariki, hilo la video lisingenijia kabisa. Vipi chakula, mnalipia kila mlo au mnanunua wenyewe?

Msambaa wa Soni
Inategemea na mwenyeji, wengi chai ya asubuhi iko ndani ya bei, chakula cha mchana na usiku mnaelewana. Uliza bei ya watoto, usikubali wahesabiwe kama watu wazima, na mwambie mapema mtakula nini kwa sababu kuku wa kienyeji anachinjwa hapo, sio wa kwenye friji.

Mama Wawili
Mrejesho. Nimepiga simu sehemu tatu, Marangu moja na Lushoto mbili. Marangu pazuri ila nyumba iko chini ya barabara, ngazi kama kumi na tano za udongo, nimesikitika kwa sababu yule mama ana sauti ya upole na ng'ombe wawili. Lushoto wa kwanza hakutaka kutuma video. Wa pili kampa mwanaye simu akatembea, gari linafika mlangoni, ngazi mbili tu, choo ndani, maji yanachemshwa kwa kuni jioni, na kwenye video ng'ombe analia nyuma. Vyumba viwili 90,000 na chai. Nimeshatuma kianzio. Marangu tutaenda mimi na watoto siku nyingine, hilo la ndoo nimewasomea wameng'ang'ania.

Msambaa wa Soni
Hongera dada. Mkifika Mombo watoto wasile chipsi, wape ndizi mbivu na maji kidogo, wakae siti za mbele waangalie barabara, zile kona zinatapisha. Bibi akae dirishani, mkipita Soni mwonesheni maporomoko.